Jiko la Hoho Lililoitwa Chombo cha Maua

Mhadhiri Lyutskanov aliishi Milano miaka miwili, akarudi kwetu Plovdiv, Bulgaria, hajui tena kula mkate bila kuunusa kwanza. Alivaa skafu mwezi wa Agosti. Kitu kikimpendeza alifumba macho, kikimchukiza alisema ni "cha huku kwetu." Sisi wanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu wa vitu tulimcheka mgongoni, kisha tukiingia darasani tukafumba macho kama yeye.

Na mimi nilifumba. Aliyekubaliwa katika studio yake mwaka wa tatu alisanifu viti, taa na vyombo vya mezani, vikatengenezwa, watu wakavikalia na kuvilia. Aliyekataliwa alipelekwa idara ya vifungashio, akachore ng'ombe kwenye vikopo vya mtindi hadi nywele ziote mvi. Mwaka ule, wapwa wa wakubwa walipokwisha kupewa haki yao ya kuzaliwa, ilibaki nafasi moja. Niliitaka. Sitajifanya kwamba sikuitaka.

Mtihani wake ulikuwa huu. "Chagueni kitu kimoja cha kila siku," alisema, akitembea katikati ya meza zetu kama askofu. "Mkichore kwa mitindo ishirini. Mtindo ukikamilika, kitu hutoweka. Nataka kitoweke."

Wenzangu wakaandika "kitoweke" na kulipigia mstari.

Kesho yake kila mtu alikuja na kitu chake cha kila siku. Kamelia alileta birika la kahawa la Kiitalia, lile la pembe nane. Spas alileta picha ya kiti aliyoikata kwenye jarida. Kiti chenyewe hajawahi kukigusa hata kwa kidole. Mwingine alikuja na kikamulio cha ndimu chenye miguu mirefu ya buibui.

"Kwenu mnakamulia ndimu kwa hiki?" nikamuuliza.

"Zornitsa nawe! Hiki si cha kukamulia. Hiki kinawekwa."

Hivyo ndivyo vilikuwa vitu vya kila siku vya watoto wa Plovdiv. Mimi nikaenda nyumbani nikachukua jiko la hoho.

Aliyelelewa kwenye maghorofa ya mtaa wetu wa Trakia hahitaji kuelezwa: mtungi wa udongo ndani ya bati, nyaya za moto zimeuzunguka kwa ndani, mdomo juu unaomeza hoho moja nene au tatu nyembamba, miguu mitatu, kifuniko chenye kishikio kilichoungua. Ikifika Septemba mji mzima unanuka ngozi ya hoho iliyobabuka, roshani kwa roshani, na fyuzi za jengo hukatika kwa sababu kila nyumba imechomeka jiko lake saa ile ile. Halina mtindo. Limebuniwa na mtu mwenye hoho nyingi na subira ndogo, na linafanana naye.

Sikulichagua kwa mapenzi. Nililichagua kwa kisirani. Nilitaka kuona uso wa mtu wa Milano akiwekewa mbele yake kile alichokulia.

Tatizo lilikuwa mama yangu.

"Unalipeleka wapi?"

"Mezani tu, Mama. Nalichora."

"Nalichora, nalichora! Hoho zinasinyaa kwenye magunia, yeye anachora. Si ulipige picha?"

"Picha si mtindo."

"Na Januari, baridi ikija, tukikaa na makopo ya akiba matupu, njaa utaichora kwa mtindo gani?"

Tukagawana. Asubuhi jiko lilikuwa la Mama, alasiri likawa langu. Nilikuwa nalipokea likiwa bado na joto, ngozi nyeusi zimegandia mdomoni, na waya wake mnene umejikunja kama paka aliyechoka. Waya ule marehemu baba aliwahi kuufunga utepe mweusi mahali ulipoungua, akasema ni wa muda. Ulikuwa bado wa muda.

Nilianza na mtindo wa picha takatifu. Mandhari ya dhahabu, duara la nuru juu ya kifuniko, miguu mitatu yote imeelekea mbele kama watakatifu wanaokanyagana vidole. Lilitoka zuri kiasi kwamba Mama, alipopita na sahani, alijikuta amepiga ishara ya msalaba. Kisha akanizaba kofi la bega.

"Utatuletea laana, mshenzi wewe."

Nikaja kwenye mtindo wa mabango ya enzi za chama cha kikomunisti. Jiko likawa refu kama bomba la kiwanda, vibarua wadogo chini yake wamekunja mikono ya mashati, hoho nyekundu zikipepea kama bendera. Huo ni mtindo unaodanganya kwa sauti kubwa. Ulitaka kusema kwamba hoho zinachomwa na taifa, nami najua zinachomwa na mama yangu akiwa amevaa kandambili.

Mtindo wa kukatakata vitu vipandevipande ulinipa ajali ya barabarani. Mtindo wa wino wa Kijapani ulinipa mapigo matatu ya brashi na ukimya mwingi. Lakini jiko la hoho na ukimya wapi na wapi, kwetu likiwashwa tu ndipo watu wanapoanza kugombana. Nikachora kama katuni, kama ramani ya fundi, kama tangazo la manukato, kama nakshi za mazulia ya bibi zetu. Na nikachora kwa mtindo wa katalogi za Milano, ule anaoupenda Lyutskanov: karatasi nyeupe, kitu cheupe, kivuli chembamba cha kijivu, na hewa nyingi ya kuwatoza matajiri.

Nilipofika karibu na mtindo wa kumi nikagundua mchezo wao. Mitindo hii yote, yenye kelele na yenye adabu, ilikuwa na kitu kimoja isichotaka kukiona. Waya. Kwenye dhahabu ulionekana uchafu, kwenye bango ulionekana udhaifu, kwenye wino wa Kijapani ulikuwa pigo la nne lililoharibu matatu ya kwanza. Kila mara mkono wangu ulikuja wenyewe na kifutio. Mitindo ni kama ndugu wa mjini waliokuja harusini: watapiga picha na bibi harusi, vyombo hawataosha.

Basi nikaweka waya kila mahali, na utepe wa baba juu yake. Kwenye picha takatifu ulitambaa chini ya miguu mitatu kama nyoka aliyekanyagwa. Kwenye karatasi nyeupe ya Milano ulipita katikati mweusi tii, kama mkia wa panya kwenye kitambaa cha meza ya karamu. Nilicheka peke yangu. Kwa mara ya kwanza tangu niingie chuoni nilichora kitu nilichokijua.

Wiki ya pili Lyutskanov alipita kukagua. Akasimama mbele ya meza yangu muda mrefu.

"Hiki ni nini?"

"Jiko la hoho, Mwalimu."

"La…?"

"La kuchomea hoho."

Akainamisha kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za samaki wapandao miti. "Sijawahi kukiona."

Spas alipaliwa na mate. Maana Lyutskanov amezaliwa kijiji kimoja upande wa Parvomay, ambako mtoto hujifunza kumenya hoho kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu, na shangazi yake mpaka leo anauza nyanya soko la Jumamosi na kumtangazia kila mteja kwamba mwana wa kaka yake ni mtu mkubwa. Mkataa kwao mtumwa, na huyu hakungoja hata kununuliwa.

Baada ya kipindi aliniita dirishani. Sauti ikawa laini.

"Una mkono wa kuchora, Zornitsa. Mkono unao, wala sifichi. Siku ya maonyesho anakuja mgeni kutoka Milano, Bibi Ottavia Belgrano. Unajua maana yake?"

"Najua."

"Basi nisikilize, msichana wangu. Futa huo waya. Miguu ifupishe. Kiite chombo cha maua, umbo la Kithraki, la watu wa kale wa nchi hii, wageni wanapenda mambo ya kale. Ukifanya hivyo, nafasi ni yako."

"Lakini si chombo cha maua, Mwalimu."

"Kitu ni kile tunachokiita."

Nilitaka kumuuliza kama basi nami nianze kumwita profesa, cheo anachokisotea mwaka wa saba. Badala yake nilisema nitafikiri, naye akafumba macho, kwa kuwa kwake mtu akisema atafikiri huwa amekubali.

Na kweli nilifikiri. Nyumbani nilichora jiko moja bila waya, nione tu. Lilitoka zuri kupita yote ishirini. Hapo nikaingiwa na hofu, kwa sababu lilikuwa zuri kama maiti aliyevalishwa vizuri: kila kitu mahali pake, na hawezi kukuchomea hata hoho moja. Niliiacha karatasi mezani. Asubuhi nikakuta Mama ameitandika chini ya hoho zinazochuruzika maji, sikumgombeza.

Sheria ya maonyesho ilitaka kitu chenyewe kiwekwe chini ya michoro yake. Mama aliposikia jiko litaondoka siku nzima alishika kiuno.

"Siku nzima! Nami nikae natazama hoho zinaoza? Haya, lichukue." Akanitupia mfuko uliojaa na sufuria yenye kifuniko. "Na hizi chukua. Mkimaliza upuuzi wenu, uchome hukohuko."

Ndiyo maana nilifika maonyesho ya chuo cha sanaa nimebeba jiko, sufuria na mfuko wa hoho, kama anayehamia shambani.

Bibi Ottavia alikuwa mwanamke mzee, mfupi, mwenye viatu vya raba na macho ya mtu aliyechoka kusifiwa. Lyutskanov alimzunguka kama nzi kwenye tikiti. Kamelia, aliyesoma Kiitaliano, ndiye aliyetutafsiria sisi wengine kwa kunong'ona.

Wakaanza na birika la Kamelia mwenyewe. Michoro ishirini, safi, haina doa. Bibi Ottavia aliitazama kwa adabu, akasema kitu kifupi.

"Anasema nini?" nikauliza.

Kamelia alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Anasema kila asubuhi ya maisha yake ameliona birika hilo, na alisafiri ili asilione."

Kwenye kiti cha Spas, cha kuazima, aliuliza kama kinakalika. Spas akasema hajui. Kwenye kikamulio hakusimama kabisa.

Wakafika kwangu. Kabla sijafungua kinywa, Lyutskanov alinyoosha mkono kwenye ukuta wangu na kutamka maneno matamu marefu, ndani yake nikasikia "vaso," chombo cha maua, neno ambalo kwetu ni "vaza," halihitaji mkalimani. Alikuwa ameshalipa jina. Hakungoja hata kuona kama waya nimeufuta.

Bibi Ottavia akavaa miwani. Akatembea taratibu, mchoro kwa mchoro, kutoka picha takatifu hadi karatasi nyeupe. Akarudi mwanzo. Akauliza jambo.

Kamelia alipiga kicheko akakiziba kwa kiganja. "Anauliza, kwa nini chombo cha maua kina plagi."

Lyutskanov akatabasamu kwa meno yote, akaeleza kwamba ni kejeli, kejeli ya vijana, ni ishara. Mzee yule alimsikiliza, kisha akanigeukia mimi na kuinua mabega: sema wewe.

Nilichukua waya, nikauchomeka kwenye soketi ya ukutani.

Jiko la hoho halina haraka. Kwanza linatoa harufu ya vumbi la mwaka jana, kisha udongo unaanza kuwa mwekundu chini. Nikatia hoho moja, nyekundu, ndefu, ndani ya mdomo wake, nikafunika. Ikaanza kulia ile sauti yake, tsss, kama mtu anayesengenya. Na harufu ikatoka.

Hapo chuo cha sanaa kikaisha, ikabaki Bulgaria. Watu waliokuwa wamesimama na mikono nyuma, wakizungumzia ujazo na utupu, wakasogea kama paka.

"Umeiweka kichwa chini?" akauliza mmoja.

"Kichwa chini ndiyo."

"Kwetu Pazardzhik tunaweka mkia chini."

"Ndiyo maana za Pazardzhik zina uchungu!"

"Nani kasema? Toka hapa! Na ikitoka uitie kwenye mfuko wa nailoni."

"Nailoni? Unataka kumuua bibi wa watu? Kwenye sufuria, na kifuniko!"

Hata mwenye kikamulio cha buibui alikuwa na maoni. Bibi Ottavia alicheka bila kuelewa neno, akavuta kile kiti cha Spas, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, akakikalia.

Lyutskanov peke yake alisimama mbali, ameziba pua kwa skafu. Nikamtazama. Naye akatazama jiko. Nilijua wakati wa kuigeuza hoho umefika, mtu yeyote pale alijua. Ngozi ya upande mmoja ilikuwa imevimba na kuanza kupasuka. Sikuigeuza. Nilikunja mikono nikangoja.

Harufu ikabadilika. Tamu ikaanza kuwa chungu. Nikaona shavu la mhadhiri likicheza.

"Inaungua," akasema mtu.

"Acha iungue," nikasema. "Si chombo cha maua?"

Moshi mweusi ukachungulia chini ya kifuniko. Na hapo Milano yote ikamtoka yule bwana kwa mpigo mmoja.

"Geuza, we mtoto! Geuza, inaungua! Kwa mkia, kwa mkia, mama yangu, wamekulea wapi?"

Alisema kwa lafudhi ya kijijini kwao, ile nzito, ya kuburuza, ambayo tulikuwa tumeisikia kwa shangazi yake tu pale sokoni. Akanisukuma, akafunua jiko kwa mkono mtupu, akaishika hoho kwa kikonyo, akaigeuza, akangoja, akaichomoa, akaitumbukiza sufuriani na kubamiza kifuniko. "Sasa itoe jasho," akatuamuru wote. "Asifunue mtu!" Alipoifunua mwenyewe, aliivua ngozi kwa mvuto mmoja, nzima, kama soksi ya mtoto. Akaigawa kwa vidole na kumpa mgeni kipande, bila sahani.

Bibi Ottavia alikula. Akalamba kidole. Akasema kitu, na Kamelia, Mungu ambariki, akakitafsiri kwa sauti ya ukumbi mzima:

"Anasema, unavijua vizuri vyombo vya maua."

Tulicheka hadi madirisha yakatetemeka. Lyutskanov alisimama na vidole vyeusi, skafu imeingia mafuta, hajui aweke wapi mikono yake.

Lakini mtu wa aina ile haanguki, hugeuka. Mgeni alikuwa bado anatazama michoro yangu, akiigusa ile ya dhahabu, na Lyutskanov ana macho. Akajifuta, akasafisha koo, akatangaza palepale kwamba nafasi ya studio ni ya Zornitsa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilifurahi, siwezi kukataa.

Kisha akaniinamia sikioni. "Katalogi ya maonyesho imekwenda kiwanda cha uchapaji wiki iliyopita. Humo imeandikwa chombo cha maua, na mchoro uliochapwa ni wa karatasi nyeupe, waya tumeuondoa sisi wenyewe. Ukiulizwa, utasema ni wako hivyohivyo. Mengine ya leo tuyaite mchezo."

"Mmeufuta?"

"Tumeusafisha."

"Na mwakani, nikiwa kwako, nitasafisha nini kingine?"

"Utajifunza kusafisha kila kitu," akasema, na nadhani kwa mara ya kwanza alisema kweli bila kukusudia.

Nilitazama ule ukuta. Nilikuwa nimeutaka mlango wa studio ile mwaka mzima, na sasa ulikuwa wazi, na ndani yake nilimwona yeye: mtu anayeweza kumenya hoho kwa mvuto mmoja, na ambaye miaka yote hiyo hakumenyea mtu.

"Mpe Kamelia," nikasema. "Yeye angalau anatafsiri bila kuongopa."

"Utakwenda vifungashio! Utachora ng'ombe!"

"Nitachora. Ng'ombe hakuna atakayeniambia ni kinanda."

Nikaibandua michoro yote ishirini, nikaikunja. Ile ya dhahabu nilimpa Bibi Ottavia. Akaikunja mwenyewe vizuri, akaniuliza kwa ishara jina la kile kitu, nikamtamkia polepole kwa lugha yetu, silabi kwa silabi, mpaka akaweza.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa roshani, Mama na mimi, jiko katikati. Nilikuwa nimemsimulia yote, nikitarajia sifa.

"Ungekubali tu," akasema, hakuinua macho kwenye hoho. "Chombo cha maua, ndoo, kofia ya mfalme. Jina linachoma hoho?"

"Mama, wewe ungekubali?"

"Mimi sikusomeshwa. Aliyesomeshwa ndiye ajue kuinama kidogo."

Niliona uchungu, nikatia hoho nyingine jikoni.

Kwenye roshani ya juu jirani yetu Genoveva, ambaye masikio yake hayajawahi kulala, akainama juu ya chuma cha ukingo akiwa na koleo la hoho mkononi.

"Vipi huko chini! Msichana kapata ile nafasi?"

"Kapewa," Mama akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka jengo la pili. "Kakataa."

"Kakataa? Kwa ajili gani?"

"Walimwambia jiko langu la hoho ni chombo cha maua."

Genoveva aliipima habari. "Mjinga huyo," akasema.

Mama aliinuka. Aliipangusa mikono kwenye aproni polepole, akaangalia juu.

"Mjinga ni wangu, Genoveva. Wewe mwanao yuko Ujerumani anamwambia kila mtu kwamba ni Mwitaliano. Mchunge wako."

Mlango wa roshani ya juu ukafungwa kwa kishindo. Mama akaketi tena, akausukuma mfuko wa hoho miguuni pangu kwa kandambili yake, akanipa kisu.

"Menya," akasema. "Na usiniletee mtindo."